Michezo ya Watoto Ndani ya Nyumba Siku za Baridi

Ifikapo mwezi wa Juni, watu wa pwani hufurahi kwamba jua limepoa na upepo wa kusi wavuma. Lakini kwa ndugu zetu wa nchi za juu, yaani Njombe, Makete, Mufindi na milima ya Uporoto, Juni, Julai na Agosti ni miezi ya kujikunyata. Sababu yake si ngumu kufahamu. Wakati huo jua liko upande wa kaskazini. Tena kila mtu apandapo mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, joto hupungua kwa kiasi cha digrii 6. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na uwanda wa Kitulo wapata mita 2,600. Ndiyo maana huko asubuhi nyingine umande huganda juu ya majani ukawa mweupe kama chumvi. Watoto nao, ambao likizo yao ya katikati ya mwaka huangukia siku hizo hizo, hukaa ndani, na huko ndani kitu kinachowavuta kupita vyote ni moto.

Hilo ndilo shauri letu la leo. Mtoto asiye na kazi ya mikono huitafuta, na aliyeketi mbele ya mafiga ataipata humo humo motoni: atachochea kuni, atawasha kijiti, atavuta sufuria aone imepikwa nini. Wazazi wengi humkaripia wakisema, "Kaa kimya!" Amri hiyo haifai kitu. Mtoto wa miaka 5 hawezi kukaa kimya robo saa, seuze siku nzima ya ukungu. Afadhali apewe mchezo, na mchezo wenyewe uwekwe mbali na jiko.

Kwa kuwa miezi hiyo ni ya mavuno, anzeni na mahindi. Mpe mtoto hindi kavu lililomenywa, umwambie ahesabu mistari ya punje, akilizungusha tangu mstari wa kwanza hata arudi pale pale. Atapata 12, au 14, au 16. Kisha ndugu yake naye ahesabu hindi lake. Watastaajabu kuona ya kuwa hesabu yatokea shufwa kila mara, wala si witiri, hata wakichukua mahindi ya shamba jingine. Sababu ni kwamba maua ya hindi changa huota mawili mawili, bega kwa bega, na kwa hiyo mistari nayo hupangika jozi jozi. Mara chache sana hindi lenye kasoro huvunja kanuni hiyo. Basi watoto na waambiwe kwamba atakayeliona la witiri atachomewa hindi bichi siku litakapopatikana. Mwandishi wa maneno haya amewaona watu wazima, wenye heshima zao, wakiacha mazungumzo ya bei ya mbolea na kunyang'anyana mahindi ili wahesabu. Na watoto wakiisha kuhesabu, hupukuchua, ikawa kazi ya mama imefanyika bila mtu kutumwa. Magunzi yaliyobaki ni ng'ombe, ni matofali, ni magari; maganda yakilowekwa kidogo hufungwa kwa uzi yakawa mwanasesere mwenye kilemba.

Bao nalo lafaa sana. Huenda msomaji akasema kwamba bao ni mchezo wa wazee barazani. Ni kweli kwa bao la Kiswahili, ambalo sheria zake huwashinda hata watu wazima. Lakini liko bao la kujifunza, ambalo katika kila shimo huwekwa kete 2 tangu mwanzo, na mtoto wa miaka 8 aweza kulishika. Mashimo ni 32, yaani safu 4 za mashimo 8, na kete zote ni 64. Si lazima kununua bao la kuchongwa: chukua ubao, uchore duara 32 kwa kipande cha mkaa, na maharage yashike mahali pa komwe. Siku ya kwanza mtoto atacheza kwa kubahatisha. Siku ya nne utamwona amenyamaza, macho yake yatembea juu ya ubao, naye ahesabu moyoni kete yake ya mwisho itaangukia wapi kabla hajaigusa. Hiyo ndiyo hesabu yenyewe, wala hakuna aliyemlazimisha.

Ila maharage na punje zisiachwe karibu na mtoto aliye chini ya miaka 3. Huweza kumpalia akakosa pumzi, au akajitia puani. Na haragwe likiingia puani huvimba kwa unyevu likakaza. Mzazi asilichokoe kwa kijiti, maana atalisukuma ndani zaidi. Ampeleke zahanati.

Jioni ni zamu ya vitendawili. Watoto waijua desturi: mmoja asema "Kitendawili!", wenziwe waitika "Tega!", na wakishindwa humpa mji. Tatizo ni kwamba vile vya zamani, kama nyumba isiyo na mlango, yaani yai, kila mtoto amekwisha kuvisikia. Basi wape sharti kwamba kila mmoja atunge kipya juu ya kitu kilichomo chumbani mle mle, kama vile blanketi, ufagio, kufuli, au viatu vya baba. Bibi akiwapo, awape hadithi kwa Kibena au kwa Kikinga. Wako wazazi wanaoona haya juu ya jambo hilo, wakidhani kwamba lugha ya nyumbani itamchelewesha mtoto shuleni. Mimi naona wanamnyima mali yake.

Ukungu ukiondoka kama saa sita, watoto watoke nje wakimbie, wakiwa wamevaa sweta. Baridi peke yake haileti mafua. Mafua huletwa na virusi, na virusi hupita upesi kwa watu waliobanana katika chumba kilichofungwa. Kwa sababu hiyo hiyo dirisha na liachwe wazi kidogo mchana. Kadhalika moshi: Shirika la Afya Duniani lasema kwamba moshi wa ndani ya nyumba hukaribia kuzidisha mara mbili hatari ya kichomi, yaani nimonia, kwa watoto wadogo.

Hatari iliyo kubwa kuliko moshi ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku. Mkaa uliokwisha kuwaka vizuri hautoi moshi, na watu hudhani u salama. Kumbe watoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, husinzia, asiamke tena. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Jiko la mkaa litolewe nje kabla watu hawajalala, na watoto wafunikwe blanketi la pili.

Ikiwa mtoto ameungua, mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala usipake mafuta, dawa ya meno, au udongo. Katika nchi za juu maji ya mwezi wa Julai ni makali. Kwa hiyo maji yapite juu ya kidonda tu, na mwili mwingine ufunikwe nguo nzito asije akapatwa na baridi. Kisha kidonda kifunikwe kitambaa safi, naye apelekwe zahanati siku ile ile.