Mpira wa Waaustralia (3): Majina ya Alhamisi

Sehemu mbili zilizotangulia zilieleza uwanja, nguzo nne na hesabu ya pointi: goli ni pointi 6, na mpira uliopita pembeni kidogo ni pointi 1. Leo tunaingia katika chumba ambacho mtazamaji hakioni, anamokaa kocha na wasaidizi wake kupanga kikosi. Fainali kuu ya ligi ya Australia, AFL, kwa kawaida huchezwa mwishoni mwa Septemba katika uwanja wa Melbourne Cricket Ground, MCG, mbele ya watu wapatao laki moja. Mechi ni Jumamosi. Majina hutangazwa Alhamisi jioni. Katikati ya siku hizo mbili mashabiki hubishania jina moja au mawili, na mara nyingi ni jina la majeruhi.

Ubishi wenyewe huanzia pabaya. Watu huuliza kama fulani amepona. Daktari anaweza kujibu hilo kwa dakika tano, na jibu lake karibu kila mara ni “kiasi”. Mimi ningeuliza atawekwa wapi katika orodha, na asipomudu ni nani atakayebeba mzigo wake. Fainali chache za miaka ya karibuni zinaonyesha ninachomaanisha, lakini kwanza tuielewe hesabu.

Kila timu huingiza wachezaji 18 kwa wakati mmoja. Uwanja wa MCG una umbo la yai, urefu wake ni kama mita 160 na upana mita 140 hivi, na hakuna kuotea. Mchezo una robo nne za dakika 20, tena bila kuhesabu muda ambao mpira umesimama, hivyo kila robo hufika karibu nusu saa. Kiungo anaweza kukimbia zaidi ya kilomita 13 kabla ya filimbi ya mwisho. Hakuna pafu linalomudu hayo bila kupumzika, ndiyo maana hadi msimu wa 2025 kulikuwa na benchi la wachezaji wanne wanaoingia na kutoka, tofauti na soka letu ambako aliyetoka ametoka. Tangu 2021 mabadiliko hayo yamewekewa kikomo cha 75 kwa timu katika mechi moja, sawa na 19 hivi kwa robo.

Fikiria sasa mmoja wa wanne hao ameumia katika robo ya pili, na hakuna wa ziada wa kuziba pengo. Wamebaki watatu wa kupokezana. Kila mtu uwanjani anapumzika mara chache zaidi, na madhara hayaonekani pale pale. Yanajitokeza robo ya mwisho, pale kiungo anapofika mpirani akiwa amechelewa hatua mbili. Mtangazaji atasema timu imekosa moyo, wakati kilichokosekana ni mtu wa kumpumzisha.

Benchi halikuwa hivi zamani. Katika fainali ya 1970, iliyotazamwa na watu 121,696, kila timu ilikuwa na wachezaji wawili tu wa akiba, na aliyetolewa hakurudi. Carlton walikwenda mapumzikoni wakiwa nyuma ya Collingwood kwa pointi 44. Kocha wao, Ron Barassi, alimwingiza kijana aliyeitwa Ted Hopkins, akawataka wachezaji wake wapige pasi za mkono na kukimbia bila kusita. Hopkins alifunga magoli manne, na Carlton wakashinda kwa pointi 10. Waaustralia wengi huitaja mechi ile kama mwanzo wa mpira wao wa kisasa, kwa sababu ya zile pasi za mkono. Mimi huikumbuka zaidi kwa sababu ya Hopkins. Kocha alikuwa na mtu mzima kabisa benchini, akamtumia. Utaratibu wa kuingia na kutoka kwa uhuru ulianza 1978, na tangu hapo benchi likawa sehemu ya injini ya timu.

Kabla ya kufika kwa majeruhi, kuna mambo mengine yanayoamua orodha. Hali ya hewa ni mojawapo. MCG haina paa la kufunika uwanja, na mvua ikinyesha mpira unateleza, hivyo warefu wanaoudaka angani hupungua thamani na wafupi wanaouokota chini hupanda. Kuna pia kanuni ya 2019: kila mpira unapoanzishwa katikati, timu lazima iwe na watu sita katika kila theluthi ya uwanja. Zamani kocha aliyekuwa akilinda ushindi mwembamba alirundika watu nyuma mapema. Siku hizi hawezi, mpaka mpira uwe umeanza kuchezwa, kwa hiyo anahitaji mabeki wanaoweza kukaba mtu kwa mtu kwa sekunde chache za hatari.

Jambo lingine ni mpinzani, na hapa nina mfano ambao msomaji wa Afrika Mashariki ataupenda. Aliir Aliir alizaliwa 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, kwa wazazi waliotoka Sudan, akapelekwa Australia akiwa mtoto. Ni beki mrefu, na ubora wake ni kuusoma mpira ungali hewani. Mpinzani anaupiga mbele kwa matumaini, Aliir anamwacha mtu wake na kuudaka. Katika mchezo huu, anayedaka mpira uliopigwa kwa mguu umbali wa mita 15 au zaidi hupewa nafasi ya kucheza bila kuguswa. Kila mpira anaoudaka beki wa namna hiyo unafuta shambulizi na papo hapo kuanzisha jingine upande wa pili. Mwaka 2021, akiwa na Port Adelaide, aliteuliwa katika kikosi cha heshima cha wachezaji bora wa ligi nzima.

Utamzuiaje? Makocha huchagua mshambuliaji mmoja ambaye kufunga si kazi yake kubwa. Kazi yake ni kumvuta beki huyo pembeni, kumgonga mwili kwa mwili, kumnyima uhuru wa kuondoka. Mwisho wa mechi takwimu zake zitaonekana za aibu, na mashabiki watauliza alipangwa kwa nini. Ukitaka kujua kama alistahili nafasi yake, hesabu mara ambazo beki alidaka mpira.

Mwaka 2016 Aliir alikuwa na Sydney, katika msimu wake wa kwanza kuonekana ligi kuu, na timu ikafika fainali. Goti aliloumia katika mechi iliyotangulia lilimweka nje. Sydney walifungwa na Western Bulldogs 89 kwa 67, na Bulldogs wakapata ubingwa wao wa kwanza tangu 1954. Siwezi kusema Aliir angegeuza matokeo. Ila kocha wa siku ile, John Longmire, ndiye aliyekumbana na mtihani wa majeruhi katika fainali mbili zilizofuata za klabu hiyo.

Ya kwanza ni ya 2022. Sydney walikuwa wamewatoa Collingwood kwa pointi moja tu, na mshambuliaji wao mrefu Sam Reid akatoka katika mechi ile akiwa na maumivu ya kinena. Geelong, wapinzani wao wa fainali, nao walikuwa na majeruhi wao: Max Holmes, kijana wa miaka 20 mwenye mbio kali, alivuta msuli wa nyuma ya paja katika ushindi dhidi ya Brisbane. Holmes alitamani kucheza. Chris Scott, kocha wa Geelong, alimwacha, na nafasi ikaenda kwa Mark O'Connor, mtu wa Kerry, Ireland, aliyekulia katika mpira wa Kigaeli. Longmire alimpanga Reid. Kabla mechi haijaisha Reid alikuwa ametolewa, na Geelong walishinda kwa tofauti ya pointi 81, yaani 133 kwa 52.

Tofauti kubwa kiasi hicho haiwezi kutundikwa kwenye kinena cha mtu mmoja. Geelong walikuwa bora kila mahali. Tena ni haki kusema kwamba Scott alikuwa na swali jepesi kuliko Longmire. Holmes ni mkimbiaji, na wakimbiaji katika kikosi cha AFL ni wengi. Ukimtoa mmoja na kumweka mwingine, ramani ya timu inabaki ileile. Mshambuliaji mrefu ni adimu. Mipira mirefu yote inapigwa kumlenga yeye, na wafupi wanasimama miguuni pake kusubiri itakayoanguka. Ukimwondoa, lazima ubadilishe hata mahali mpira unapopelekwa, na mazoezi yamebaki mawili. Ndiyo maana kocha humng'ang'ania mrefu mwenye maumivu hata pale ambapo angemwacha mfupi mwenye maumivu yaleyale. Ninauelewa mvuto huo. Bado naona ni mtego, kwa sababu mrefu asiyeweza kuruka haisaidii ile ramani hata kidogo. Yuko pale kama jina, na mipira inaendelea kupigwa kumlenga.

Miaka miwili baadaye Sydney walirudi fainali, safari hii wakiwa vinara wa msimu wa kawaida. Nahodha Callum Mills alikosa mechi kwa sababu ya msuli wa paja. Mshambuliaji mrefu Logan McDonald, mwenye kifundo cha mguu kilichoumia, alipangwa. Hadithi ilijirudia: McDonald alitolewa, Sydney wakafungwa 120 kwa 60, na Longmire akakiri hadharani kwamba kumchezesha haukuwa uamuzi sahihi. Mwezi Novemba aliachia ukocha.

Brisbane, waliowafunga, nao walipoteza mtu mkubwa wiki hiyo. Oscar McInerney, mrukaji wao mkuu, yaani yule jitu anayegombea mpira wa kurushwa juu, aliteguka bega katika mechi iliyotangulia fainali. Bega lililoteguka halina “kiasi”. Akaingia Darcy Fort, mtu wa akiba kwa sehemu kubwa ya msimu, akaruka mechi nzima akiwa na mwili kamili na kuondoka na medali. Brisbane hawakupewa nafasi ya kukosea. Nashawishika kuamini kwamba laiti McInerney angekuwa amejiumiza kidogo tu, Alhamisi ile ingekuwa ngumu kwao kuliko ilivyokuwa.

Mwaka 2025 ndipo swali likapata jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Lachie Neale, wakati huo nahodha mwenza wa Brisbane na mshindi mara mbili wa medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, aliumia kigimbi katika mechi ya kwanza baada ya msimu wa kawaida, waliyofungwa na Geelong bila kutolewa mashindanoni. Ilielezwa kwamba msimu wake umekwisha. Kumbe haukuwa umekwisha. Brisbane wakafika fainali dhidi ya Geelong haohao, na jina la Neale likawemo kwenye orodha. Kocha Chris Fagan hakumweka miongoni mwa 18 wala kwenye benchi la wanne. Alimfanya mtu wa 23.

Nafasi hiyo inahitaji maelezo. Kando ya wanne wanaoingia na kutoka, kila timu ilikuwa na mchezaji mmoja wa ziada aliyeruhusiwa kuingia mara moja tu, na anayempisha harudi tena. Mwaka 2022 aliruhusiwa kuingia endapo tu mwenzake ameumia. Kuanzia 2023 kocha aliweza kumwingiza kwa sababu yoyote. Neale alikaa hapo akiwa amevaa koti la mazoezi, bila kugusa hesabu ya watu wanne wa kupokezana. Kigimbi kingekataa wakati wa kupasha misuli, Brisbane wasingepungukiwa na mkimbiaji hata mmoja. Aliingia timu zikiwa zimekabana, akafunga goli, na Brisbane wakaondoka na ubingwa wa pili mfululizo, 122 kwa 75.

Reid, McDonald na Neale wote walikuwa wazima kwa “kiasi”. Wawili wa kwanza walipewa kazi ya dakika 80 za mchezo halisi, wakati Neale alipewa sehemu tu ya mechi, katika nafasi ambayo kutofaulu kwake kusingemchosha mwenzake yeyote. Fagan alikuwa na bahati pia, kwani mkongwe wa kiungo ana faida hata akicheza nusu ya mechi, jambo ambalo ni gumu zaidi kwa mshambuliaji mrefu ambaye timu nzima imepangwa kumzunguka.

Hila hiyo sasa imefungwa. Kwa msimu wa 2026 ligi ilifuta nafasi ya mtu wa 23 anayeingia mara moja, na badala yake benchi likawa la wachezaji watano wanaoingia na kutoka. Idadi ya majina ni ileile, lakini hakuna tena kiti cha mtu wa kuchunguliwa taratibu. Kwa timu yenye wazima watupu hii ni neema, maana miguu ya kupokezana imeongezeka. Akiumia mmoja, bado wanabaki wanne, hivyo gharama ya kubahatisha imepungua kidogo, na nahofia makocha watabahatisha zaidi. Mwenye majeruhi kama Neale itambidi ama amwingize kwenye mzunguko tangu dakika za mwanzo, ama amwache jukwaani akiwa na suti.

Sehemu ya nne itamhusu mrukaji, kazi nyingine ambayo kanuni za 2026 zimeigusa.