Ukishafomati, Usiiguse Tena

"Dada, kwani hukuhamisha vitu vyako?" fundi aliniuliza huku akichomoa fleshi. Kompyuta yangu ilikuwa inawaka haraka kama siku niliyoinunua. Picha za miaka sita, zikiwemo za arobaini ya baba, hazikuwemo. Nilikuwa nimemwambia tu, "Nipigie Windows, virusi vimezidi." Kuhusu picha sikusema, naye hakuuliza. Mpaka leo sijaamua nani alaumiwe zaidi.

Lakini kosa lililoniumiza ni la pili, na hilo ni langu peke yangu: nilirudi nyumbani nikashusha tamthilia wiki nzima.

Fundi alikuwa amefomati diski kabla ya kupiga Windows. Kufomati kwa haraka, kule kunakochukua sekunde chache, hakufuti mafaili. Kunafuta orodha yake. Ni kama mwenye nyumba aliyechana daftari la wapangaji na kuandika kwamba vyumba vyote viko wazi, kumbe watu wamelala ndani. Hawatoki mpaka aletwe mpangaji mpya. Windows mpya ilishachukua vyumba vyake, na kila tamthilia niliyoshusha ikaongeza wapangaji.

Fundi wa pili aliichomoa diski, akaiunganisha kwenye mashine yake na kufungua PhotoRec, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier. Hiyo haina haja na daftari. Inabisha hodi chumba kwa chumba. Picha ya JPEG huanza na alama zilezile, FF D8 FF, na hizo zinatosha kuitambua. Asubuhi tulikuta mafolda yamejaa picha zisizo na majina, f na tarakimu tu. Picha moja ya baba niliipata. Kuanzia kifuani kwenda chini ni kijivu kitupu.

Na hapo nilibahatika, maana diski yangu ilikuwa ya zamani, ya kuzunguka. Kwenye SSD, diski isiyozunguka, Windows ikifomati huiarifu diski kwamba nafasi haina kitu, nayo hujifagia yenyewe, pengine ndani ya dakika chache. Kufomati kukamilifu nako, tangu Windows Vista, huandika sifuri diski nzima. Hapo anayekuahidi kurudisha kila kitu anataka hela yako.

Kwa hiyo hili likikukuta, zima mashine palepale, usishushe hata wimbo mmoja, na picha zitakazookolewa ziweke kwenye diski nyingine. Na kabla ya kusema "nipigie Windows", mwambie fundi picha ziko wapi.