Kalenda ya Mwezi juu ya Ubao Usiosomeka

Hakuna mtu duniani leo awezaye kuyasoma maandishi ya Rapa Nui, kisiwa ambacho Wazungu walikiita Kisiwa cha Pasaka. Kisiwa hicho kilicho chini ya Chile kimo peke yake katika Bahari ya Pasifiki, kilometa zipatazo 3,500 kutoka pwani ya nchi hiyo. Wenyeji wake walichonga juu ya mbao, safu kwa safu, alama za ndege, samaki, watu na mwezi mwandamo. Msomaji alianzia chini kushoto. Alipofika mwisho wa mstari aliugeuza ubao juu chini, ndipo akaendelea na mstari uliofuata. Maandishi hayo huitwa rongorongo. Vitu vilivyosalia vyenye alama hizo ni ishirini na kitu tu, navyo vyote viko nje ya kisiwa.

Wenye elimu hiyo hawakumalizwa na uzee. Mwaka 1862 meli zilitoka Peru kuja kuteka watu wa kwenda kufanyishwa kazi, zikachukua watu wapatao 1,500, wakiwamo wakuu na wajuzi wa maandishi. Wachache waliorudishwa walileta ndui. Ilipofika mwaka 1877, wakazi wote walikuwa 111.

Askofu Jaussen wa Tahiti alimtafuta mwenyeji wa Rapa Nui, jina lake Metoro, amsomee mbao alizokuwa amezikusanya. Metoro aliimba, na askofu akaandika. Lakini maneno yale hayakushikamana. Yaelekea alikuwa akitaja tu picha alizoziona, kama mtoto atajavyo picha za kitabu asichoweza kukisoma.

Kilichookolewa kilitokana na jambo ambalo hata watu wa kawaida walilihifadhi, yaani majina ya usiku wa mwezi. Mwaka 1886 William Thomson, mhasibu wa manowari ya Marekani iitwayo Mohican, aliyaandika majina hayo. Mwaka 1958 mtaalamu wa Ujerumani, Thomas Barthel, alitambua kwamba mistari miwili na kitu ya ubao uitwao Mamari ni kalenda. Hapo hilali zimepangwa kwa mafungu, na kila fungu hutanguliwa na alama zilezile zinazoishia kwa samaki. Mwezi unapokua, kichwa cha samaki huelekea juu. Baada ya mwezi mpevu, huelekea chini. Mwezi mpevu wenyewe una alama ambayo wachunguzi huifasiri kuwa ni bibi kizee awashaye jiko la shimoni huko mbinguni.

Mwaka 1990 Jacques Guy aliongeza maelezo. Mwezi huandama baada ya siku 29 au 30, ilhali usiku wa kudumu wenye majina ni 28. Kwa hiyo ubao huo, alieleza, ulionyesha mahali pa kutia usiku wa ziada, hiro na hotu, kwa kuutazama mwezi wenyewe.

Tangu hapo wamezuka wengi waonao jua na nyota katika kila alama. Wengi wao hawana orodha ya majina kama ile ya mwaka 1886 ya kupimia dhana zao, na pasipo kipimo picha yoyote yaweza kuitwa nyota. Hata katika Mamari kilichojulikana ni kazi ya mistari ile, si jinsi ilivyotamkwa. Wala hakuna aliyeweza kuthibitisha mistari iliyo juu na chini yake, katika uso uleule wa ubao, yasema nini.