Pijo ikilala, mayai nayo yanalala: kulipia spea za gari la zamani bila kuliwa

Ukikaa Mugutha huenda unaijua. Inatoka saa kumi na mbili asubuhi, inakohoa kidogo, kisha inashika njia kuelekea Thika: Peugeot 504 ya rangi ya maziwa, ile ndefu ya safu tatu za viti iliyokuwa ikibeba abiria wa safari za mbali kabla Nissan hazijatawala. Mwenyewe ni mteja wetu. Viti vya nyuma alivitoa, akaweka trei za mayai. Hana gari lingine.

Si ajabu kwamba Pijo bado ziko barabarani. 504 ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978, na iliendelea kuunganishwa hapa Kenya hadi 2004, ilhali saluni yake Ufaransa iliachwa 1983. Haina kompyuta. Kabureta ikichafuka, fundi wa jua kali anaifungua, anaisafisha, mnaendelea na siku. Mafuta inakunywa, hapo tusidanganyane.

Shida ni spea. Mwezi wa nne pampu ya maji ilianza kuvuja, gari likachemka kwenye jam. Maduka aliyouliza Thika hayakuwa nayo. Mtandaoni akaona picha ya pampu safi kabisa, bei 6,500, na muuzaji akadai kuna mtu mwingine yuko njiani kuichukua. Tuma sasa nikuwekee. Jina lililotokea kabla ya PIN halikuwa la huyo muuzaji, lakini mayai yalikuwa yanangoja. Akatuma.

Jioni namba ikawa haipatikani. Alitupigia kesho yake, na pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala. Zikishatolewa, sisi hatuna cha kurudisha. Hatukufurahia kumwambia hivyo.

Kwa hivyo, wewe mwenye Pijo, Datsun au Volkswagen ya mzee: picha pekee haithibitishi kitu. Mwambie muuzaji apige nyingine, spea ikiwa kando ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mali kweli, hiyo ni dakika mbili tu. Jina lisipolingana, katisha kabla ya PIN. Na ukishtuka umeliwa, tupigie dakika hiyo hiyo, usingoje kupambazuke.

Yeye siku hizi huenda Grogan, Nairobi, na spea mbovu mkononi. Analinganisha kwa macho, anaishika mpya, ndipo analipa kwa Till ya duka na kusubiri ujumbe wenye jina la biashara. Nauli inauma, lakini 6,500 iliuma zaidi.

Tena kila jioni hutenga 150 kwenye akiba ya simu, ameipa jina "Pijo". Tulipomtembelea ilikuwa imefika 4,050. Tairi moja la nyuma limeisha, na kuna mtu alikuwa amemtumia picha ya jingine. Alimjibu kwamba Jumamosi atakuja kuliona.