Sufuria moja haitoshi: chakula cha mbwa kwa kila umri

Nyumba nyingi huku kwetu mbwa hupikiwa sufuria moja: ugali, dagaa kidogo, labda na utumbo wa buchani. Mama anayenyonyesha, mtoto wa miezi miwili na mzee wa miaka kumi wote wanakula hicho hicho. Je, kuna ubaya?

Tuanze na ugali, maana unasingiziwa sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kwenye jarida la Nature ulionyesha kwamba mbwa wa nyumbani ana nakala nyingi za jeni ya AMY2B kuliko mbwa mwitu. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachovunja wanga. Kwa hiyo ugali ulioiva vizuri anaumudu. Shida ni kile kinachokosekana ndani yake.

Mtoto. Viwango vya AAFCO vya Marekani vinataka chakula cha mbwa anayekua kiwe na protini asilimia 22.5 (ukiondoa maji) na kalsiamu asilimia 1.2. Kwa mbwa mzima inatosha 18 na 0.5. Mahindi peke yake hayafiki huko hata kidogo. Nyama tupu nayo ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu, hivyo mwili huanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa na miguu inapinda. Dagaa wazima husaidia kwa sababu huliwa na mifupa yao.

Sasa, usikimbilie unga wa kalsiamu! Watoto wa mbwa wakubwa, kama German Shepherd, hawawezi kuikataa kalsiamu inayozidi. Utumbo unaendelea kuifyonza, na mifupa inaharibika vilevile. Kama anakula chakula kamili cha watoto cha dukani, usiongeze kitu.

Mama. Mimba huchukua siku kama 63. Mwanzoni ale kawaida, aongezewe katika theluthi ya mwisho. Akinyonyesha watoto wengi, anaweza kuhitaji mara mbili hadi nne ya chakula chake cha kawaida.

Mbwa mzima. Hapa adui ni wingi. Katika utafiti wa Labrador 48 uliochapishwa mwaka 2002, waliopewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi. Mpapase mbavu: uzihisi kwa urahisi bila kukandamiza.

Mzee. Anatembea kidogo, basi punguza nguvu, yaani wanga na mafuta. Protini usimnyime kwa sababu ya umri tu, misuli yake inaihitaji. Ikiwa figo zina tatizo, daktari wa mifugo ndiye apange.

Na kwa wote: mabaki ya mchuzi wenye vitunguu yasifike kwenye bakuli. Vitunguu, hata vilivyopikwa, huharibu seli nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa pia hapana, huvunjika vipande vyenye ncha kali.

Ukiwa na sufuria moja tu, sawa. Ipike, halafu ugawe kwa akili: mtoto na mama waongezewe dagaa au mayai yaliyopikwa, mzee apunguziwe ugali.