Joto Kwanza, Panya Baadaye

Katika nyumba za Uingereza na Marekani, mmoja wa nyoka wanaookolewa mara kwa mara ni chatu wa kifalme, yule mfupi mnene wa Afrika Magharibi ambaye akitishika hujiviringa donge na kuficha kichwa katikati. Kwa miaka mingi wamesafirishwa kwa maelfu kutoka Togo, Benin na Ghana kwenda kuuzwa kwa wafugaji. Akiwa mdogo anatosha kiganjani, na bei yake haimtishi mnunuzi. Kinachowashinda watu ni miaka. Akitunzwa vizuri huishi 20 hadi 30, na wapo wanaopitiliza: katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, jike aliyepokewa mwaka 1961 alitaga mayai mwaka 2020. Mtoto aliyemlilia baba anunuliwe nyoka ataenda chuo, ataoa, atahama mji, na nyoka bado yumo kwenye tanki lake la kioo. Ndipo anapoachwa kwenye boksi mlangoni, au anakutwa kwenye nyumba iliyohamwa, na wewe usiyewahi kufuga hata kasa unaombwa umchukue.

Mara nyingi huja amekonda. Chatu mwenye afya ana mwili wa mviringo. Aliyekaa na njaa uti wa mgongo humchomoza juu kama paa la nyumba, na ngozi ya ubavuni hufanya mikunjo. Sisi tuliofundishwa kwamba mgeni hupewa chakula kabla ya kuulizwa habari, mkono unakimbilia panya. Uzuie. Nyoka huyu amevumilia majuma mengi bila kula. Siku chache zaidi anaziweza, ila mlo uliokuja kabla ya wakati wake unaweza kummaliza.

Sababu ni joto. Nyoka hajitengenezei joto la mwili, hulichota nje, na tumbo lake husaga chakula kwa kadiri ya joto hilo. Panya aliyemezwa na nyoka mwenye baridi huanza kuoza kabla hajayeyuka, na baada ya siku kadhaa hutapikwa, akitoka pamoja na maji na asidi inayounguza koo. Nyoka aliyedhoofika hana cha kupoteza namna hiyo. Basi andaa makazi kwanza: upande mmoja wa tanki nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, upande wa pili 25 hadi 27, ili ahame mwenyewe apendavyo. Chombo cha joto kiunganishwe na kidhibiti, na kipimajoto kiwe pande zote mbili. Yale mawe ya umeme yanayouzwa madukani yaache huko huko. Nyoka anaweza kuyalalia mpaka tumbo likaungua asiondoke.

Porini chatu huyu hushinda ndani ya vichuguu na mashimo ya panya, akaibuka usiku. Kumweka kwenye kioo kitupu ni kumkosesha usingizi. Mpe maficho mawili yanayombana, moja kila upande, maana akiwa na moja tu atachagua usalama na kuacha joto. Ongeza bakuli la maji analoweza kuingia, kisha umwache kama wiki nzima bila kumshikashika. Hili ndilo gumu kuliko yote, hasa nyumba ikiwa na watoto na majirani wanaotaka kumwona.

Wiki ikiisha, mpime kwa mzani wa jikoni uliomtengea yeye peke yake, uandike. Mlo wa kawaida ni panya asiyezidi unene wa sehemu nene ya mwili wa nyoka. Kwa aliyekonda anza na mdogo zaidi ya huyo. Panya wa kulisha huuzwa wakiwa wamegandishwa. Muyeyushe kwenye friji usiku kucha, kisha mtie kwenye mfuko, uuzamishe ndani ya maji moto hadi apate joto la kiumbe hai. Maikrowevu inamwivisha nusu na inaweza kumpasua. Panya hai usimtie kwenye tanki: akikosewa shabaha hugeuka na kutafuna mgongo wa nyoka.

Punguza taa, mshike panya kwa kibano kirefu, msogeze polepole. Ulimi utatoka na kurudi, kisha shingo itajikunja herufi S. Kwenye mdomo wa juu chatu ana vishimo vinavyohisi joto, ndiyo maana panya aliyepoa humpita hivi hivi. Akirusha kichwa, hata panya awe maiti, atamzungushia mwili na kumkaza. Watu husema anamziba pumzi, lakini uchunguzi uliofanywa kwa boa ulionyesha kwamba mkazo huo husimamisha kwanza mzunguko wa damu. Akimaliza kumeza, usimguse kwa saa 48.

Na akikataa? Muondoe panya, jaribu tena baada ya wiki. Chatu wa kifalme wazima hugoma miezi, madume hasa wakati wa kujamiiana, na mfugaji mpya hupata presha bure. Tazama mzani: uzito ukishuka zaidi ya asilimia 10, au kukiwa na povu mdomoni na mluzi wa kupumua, muone daktari wa mifugo anayejua reptilia. Usimlishe kwa nguvu. Vidoti vyeusi vinavyotembea kwenye magamba ni utitiri. Macho kuwa na ukungu wa samawati ni dalili tu ya kujivua gamba. Ongeza unyevu, usibandue kitu. Nawa mikono kila mara kwa ajili ya salmonela, na watoto chini ya miaka mitano wakae mbali naye.

Msomaji wa Kenya au Tanzania aelewe kwamba haya hayamhusu nyoka aliyemkuta shambani. Huko chatu ni wanyamapori, kumweka bila kibali ni kosa, na mwenye madoa uliyemdhania mtoto wa chatu anaweza kuwa kifutu. Waite maofisa wa wanyamapori.

Kinyesi cha kwanza baada ya mlo kihifadhi kwenye kopo safi, ukipeleke kikapimwe minyoo kabla ya kuanza kuongeza ukubwa wa panya.