Masisi na Walikale: Wanasomea nyumbani, lakini mtihani uko shuleni

Kila tarehe 30 Aprili, siku ya taifa ya elimu, shule za Congo huweka madaftari kando. Wanafunzi wanapiga gwaride, wanaimba, wanacheza mpira. Masisi na Walikale, pembezoni mwa uwanja, kuna kundi lingine linalotazama: watoto wasio na inifomu. Usidhani wote wameacha masomo. Wapo wanaofundishwa nyumbani na kaka mwenye diploma ya serikali, na shangazi, au na mwalimu aliyekimbia vita pamoja na familia yao. Wanajua kusoma na kuhesabu. Ila buletini hawana, na majina yao hayamo katika rejista ya shule yoyote.

Kule Marekani kuna wazazi wanaochagua kuwafundisha watoto wao nyumbani, na huko Florida, tangu 1996, sheria inawaruhusu watoto hao kuchezea timu ya shule ya serikali. Kwetu hakuna aliyechagua. Rubaya iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, Masisi-centre ikafuata Januari 2025, na Walikale-centre Machi 2025, kabla waasi hawajaondoka humo mwezi uliofuata. Februari 2025, UNICEF ilisema zaidi ya shule 2,500 zimefungwa mashariki mwa Congo, na watoto 795,000 hawasomi. Desemba iliyotangulia walikuwa 465,000.

Tuseme mtoto alikuwa darasa la nne Nyabiondo. Familia inakimbilia upande wa Walikale, inapokelewa kwa jamaa. Shule ya karibu iko mbali, au imejaa, au walimu wake hawalipwi na serikali na wanategemea mchango wa wazazi, hata kama masomo ya msingi yametangazwa kuwa bure tangu Septemba 2019. Baba anaamua mtoto asomee nyumbani kwanza. Mwaka unapita, wa pili pia. Sasa ana umri wa kumaliza shule ya msingi, na akili anayo. Ataingilia mlango gani?

Mlango upo, na wazazi wengi hawaujui. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inatambua pia elimu isiyo rasmi, na humo ndimo vilimo vituo vya kufidia masomo, vile wengi wanaviita CRS. Haviko chini ya wizara ya elimu ya msingi. Viko chini ya Mambo ya Jamii, na pengine ndiyo sababu mzazi anayeuliza shuleni peke yake harudi na jibu. Miaka sita ya shule ya msingi hufundishwa humo kwa miaka mitatu, kila ngazi ikibeba madarasa mawili. Mtoto wetu wa darasa la nne, akipimwa na kuonekana anaweza, ana nafasi ya kuanzia ngazi ya tatu. Mwisho wake ni mtihani ule ule wa taifa, ENAFEP, zamani TENAFEP, anaoufanya mwanafunzi mwingine yeyote: Kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla.

Hapo kwenye Kifaransa ndipo wengi wanakwama. Nyumbani mtoto anafundishwa kwa Kiswahili, Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda, na anaelewa vizuri. Siku ya mtihani swali la hesabu analoweza kulijibu kwa vidole linakuja kwa Kifaransa, naye analitazama tu. Redio ilisaidia kidogo: shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, Radio Okapi ilirusha masomo hewani. Lakini redio haisahihishi daftari.

Hapa ndipo mkuu wa shule ana uzito kuliko anavyodhani. Kumruhusu mtoto wa nje aingie gwaride la Aprili, acheze mechi, akae nyuma ya darasa saa ya Kifaransa, hakuhitaji barua kutoka Kinshasa. Mtoto aliyezoeleka na walimu hasumbuki sana siku ya kuandikishwa. Najua madarasa yamejaa na madawati ni machache, na kwamba mwalimu asiyelipwa hataki kuongezewa watoto. Saa moja kwa juma, hata hivyo, si mzigo wa kumshinda.

Kwa wakubwa, njia iko wazi zaidi. Mtihani wa Serikali, unaofanyika nchini tangu 1967, unawapokea waliojisomea wenyewe, wanaoitwa otodidakti. Wao hupita kwanza mtihani wa awali, kisha wanaungana na wanafunzi wa darasa la mwisho katika hors-session na siku nne za session ya kawaida. Karatasi ni ile ile, na diploma pia.

Kwa familia iliyo njiani, kitu cha kuokoa ni buletini ya mwisho ya mtoto, hata ikiwa imelowa mvua. Iliyopotea, mwalimu wake wa zamani huenda yuko katika kambi hiyo hiyo na anaweza kushuhudia darasa alilofikia. Uandikishaji wa watoto huanza na mwaka wa masomo, mwezi wa Septemba. Kwa otodidakti, mtihani wa awali unafanyika miezi kadhaa kabla ya session ya kawaida, kwa hiyo anayekwenda kuuliza wakati wenzake wanaingia ukumbini ataambiwa arudi mwaka ujao.